Sauti ya Hashimu na Kiboko wa Mbwemkuru

Jumatatu, 16 Juni

Ufuta wa Dada umeanza kupasuka. Nimekung'uta matita arobaini kabla ya adhuhuri, peke yangu. Vijana wawili wa jirani walifikisha kumi na tano wakaenda kulala kivulini. Mimi nina miaka hamsini na tatu. Lakini huu si mkono wa kawaida. Mkono huu ulimpiga kiboko kofi la pua katikati ya mto Mbwemkuru, mpwa wangu Hashimu akiwa begani kwangu, na hakuna mtu wa Pande asiyejua.

Mchana nimekula kwa Dada Mwanahawa. Tangu mke wangu arudi kwao Mchinga ndiko ninakokula, nyumba zetu zimetengwa na uzio wa makuti tu. Ugali wa muhogo, samaki wa kukaanga. Dada akasema hitima ya mwaka ya Hashimu ni Jumamosi ya wiki ijayo. Akasema kabla ya siku hiyo anataka kuusikia ule wimbo wa Lindi.

Nikamwambia sawa. Nikamwambia uko karibu kabisa.

Sikumaliza ugali.

Jumanne, 17 Juni

Leo sikwenda shamba. Nimesema mgongo. Mgongo hauna kitu.

Niandike mambo yalivyo, maana daftari hili halina msomaji. Shule niliishia darasa la tano. Ila la tano la zamani, ambalo mtu wa kidato cha pili wa leo haoni ndani.

Hashimu alikuwa mtoto pekee wa Dada. Alifariki mwaka jana mwezi kama huu. Homa siku nne, ya tano tukamzika. Miaka ishirini na moja. Alichopenda duniani ni muziki. Wenzake walipenda kuimba ili waonekane. Yeye alipenda kutengeneza. Alikuwa na simu yenye kioo kilichopasuka, humohumo akipiga biti zake. Alirekodi kila kitu. Kinu cha mama yake. Bawaba ya mlango wangu. Ufuta ukimwagika kwenye turubai, akasema huo ni mlio wa mvua iliyo kijiji cha pili. Akatia ufuta kwenye chupa ya maji, akawa anatembea nayo anatikisa. Siku moja alinifuata na simu napiga mswaki. Nikamfukuza na kandambili.

Sasa mimi nilikuwa nimemwambia tangu mdogo kwamba mwenye studio moja kule Lindi ni rafiki yangu. Tumekula sahani moja. Ukweli ni kwamba nilimwona mara moja sokoni ananunua pweza. Nikamsalimia, akaitikia. Basi.

Mwaka jana mwezi wa nne Hashimu akasema, Mjomba, nipeleke. Nikampeleka. Ningesema nini?

Tulikaa kwenye benchi nje ya ile studio tangu asubuhi mpaka alasiri. Hatukuingia. Mwenyewe alimtuma mlinzi aje kusema hanifahamu.

Njia nzima ya kurudi hakusema kitu, na mimi sikusema, jambo ambalo si kawaida yangu. Tulipofika Dada alikuwa amesimama mlangoni anatusubiri. Sijafungua mdomo, Hashimu akasema: "Tumerekodi, Mama. Mjomba pale anajulikana mpaka na mlinzi."

Nikasema ndiyo. Nikasema wanasafisha sauti, itachukua siku.

Baada ya wiki kumi akafa. Na wimbo mpaka leo unasafishwa.

Jumatano, 18 Juni

Nimerudi shamba. Nimekung'uta kidogo. Ishirini hayakufika.

Dada hana sauti ya mwanawe hata kidogo. Simu yake ni kitochi, haihifadhi kitu. Hashimu alikuwa akimpigia hodi na kumsikilizisha biti dirishani, nani angefikiri kwamba zinatakiwa kuwekwa? Leo akipepeta amesema uso anao, kuna picha. Lakini sauti inamtoka. Juzi alijaribu kumkumbuka anavyosema "Mama" akamsikia mtoto wa jirani.

Aliyasema hayo huku anapepeta, hakusimamisha ungo.

Nikasema, "Dada, tulia, nakwenda Lindi mwenyewe kuwahimiza. Wakinichelewesha safari hii watanitambua."

Akasema, "Nenda, Bakari."

Mwongo akiaminiwa hivi anajisikia vibaya. Sikuwa najua hilo.

Alhamisi, 19 Juni

Sikwenda Lindi. Nilishuka njia ya Kilangala, nikamtafuta Chande, kijana aliyekuwa akiimba na Hashimu. Nimetembea kutoka barabarani mpaka kwao bila kupumzika. Bodaboda mbili zilinipita, lakini nimefika nikiwa mkavu.

Wazo langu lilikuwa hili. Chande aimbe wimbo mmoja kwa sauti ya Hashimu, nimpelekee Dada, mambo yaishe. Nililiona ni wazo zuri sana. Mimi kichwa changu kikishikwa pabaya hutoa mawazo.

Chande alikuwa anabangua korosho za mwaka jana barazani. "Shikamoo Mjomba. Wewe si ndiye Mjomba wa kiboko?" Nikafurahi, nikasema ndiye. Akacheka mpaka akaweka chini kibanguo. Nikamweleza shida yangu, nusu yake. Akajaribu mstari mmoja. Wallahi ilikuwa sauti ya mbuzi aliyefungwa kamba fupi. Mimi mwenyewe ningefanya vizuri zaidi, na ujana wangu nilikuwa nikiadhini Pande mtu wa Kilwa Masoko anatawadha.

Akasema, "Mjomba, haiwezekani. Mama yake hatadanganyika. Na mimi sitaki kumwimba mwenzangu kama vile yupo."

Nikaona aibu. Kijana ana miaka ishirini na mbili.

Halafu akaniuliza kwa nini nahangaika, wakati kazi zote za Hashimu zilikuwa kwenye memori kadi ya simu yake. Nyimbo zaidi ya hamsini. Anaimba, anaongea, anacheka. "Simu si ulibaki nayo wewe?"

Niliaga nikaondoka.

Ijumaa, 20 Juni

Swala ya Ijumaa sikuwa na utulivu. Nilikuwa naiona ile simu.

Kwetu vitu vya kijana aliyekufa huvigawa mjomba wake siku ya arobaini, mbele za watu. Na kitu hutolewa kama kilivyo. Kikiwa na uzi unaning'inia, kinaondoka na uzi wake. Ukichomoa hata kifungo cha shati watasema umemwibia maiti. Nami siku ile niliifanya kazi hiyo kama waziri. Nilivaa kanzu nyeupe. Nilihutubia. Watu walisema hawajaona mgawo kama ule. Simu nilimpa Hashimu mwenzake wa Likawage, mtoto wa baba yake mkubwa, kwa kuwa ni somo yake, wamechangia jina. Niliinyanyua juu kila mtu aione. Nikasema, "Naitoa nzima, kama alivyoiacha mwenyewe, sijagusa ndani wala nje."

Watu wakaitikia vizuri. Dada alikuwa amekaa na wanawake mkekani.

Kwa hiyo sauti ya mtoto wake niliigawa mimi, yeye anatazama, na nikashangiliwa.

Jumamosi, 21 Juni

Nimempigia somo yake Likawage mara kumi na moja. Hapatikani. Huko mtandao unapatikana ukipanda juu ya kichuguu, nimeambiwa.

Dada ameuliza Lindi wamesemaje. Nimesema fundi wa mitambo amesafiri, nitarudi Jumatatu. Akaanza kuchambua mchele wa hitima. Ana uvumilivu ambao mimi sina.

Jumatatu, 23 Juni

Nimefika Likawage. Gari mpaka Nangurukuru, kisha pikipiki siku nzima katika vumbi jekundu. Dereva ni kijana wa maneno mengi. Alisema kuna simba njiani. Nikamwambia mimi simba nimeshazungumza nao. Akauliza lugha gani. Sikumpa jibu kwa sababu tulikuwa tunavuka korongo.

Kituko kimenikuta mlangoni mwa kijiji. Nashuka, najipangusa, nauliza kwa Hashimu ni wapi. Watoto watatu walikuwa wanachezea tairi. Nilipofungua mdomo tu wakasimama. Mmoja akasema, "Huyu! Ndiye huyu!" Wakaanza kuimba wote, wanapiga makofi: "Wa-wa-watatu! Viboko wa-wa-watatu!" Wakanisindikiza hivyo mpaka kwa mwenyeji wangu. Watu wakatoka majumbani kutazama.

Mimi sijawahi kufika Likawage. Sifa zangu zinakwenda mbali, hilo najua, lakini hii imenishangaza.

Hashimu huyu ni mwembamba, mpole, anafanana na marehemu shingoni. Amenipokea vizuri, nimechinjiwa kuku. Nikamuuliza simu. Akasema ilikufa mwezi wa pili, ilidondoka kwenye ndoo ya maji. Lakini kadi aliitoa. Anayo kwenye redio yake ndogo, hiyo ya kuchomeka kadi, anakwenda nayo shamba.

Nikasema, "Nyimbo zote zimo?"

Akatazama chini. "Mjomba, kadi ilikuwa imejaa. Nilitaka kuweka mawaidha na mpira. Nilifuta."

"Ngapi?"

"Zote. Nimebakiza moja, ile inayochekesha watu. Watoto walinikatalia kuifuta."

Sikumkasirikia. Niliitoa nzima mwenyewe, si nilisema? Ni yake.

Nitaandika kesho kilichomo. Leo sitaki.

Jumanne, 24 Juni

Nimeusikiliza mara nne. Hashimu wa Likawage aliniacha barazani na redio akaenda kazini kwake.

Unaanza na ufuta kwenye chupa. Cha-cha, cha. Cha-cha, cha. Kisha vidole vinapiga ubao. Nikautambua ule ubao. Ni benchi la Lindi.

Kisha mimi. Sauti yangu, safi kabisa, nasimulia kiboko. Nilikuwa namsimulia kupitisha muda pale nje, sikujua kwamba simu iko wazi mfukoni mwake. Katika ule wimbo viboko ni watatu. Ameikata sauti yangu, akairudia, "wa-wa-watatu", na honi ya lori iliyopita barabarani ameiweka mahali pake pale ambapo kiboko anafungua mdomo. Napiga kofi, na kofi linalia, sijui alilitoa wapi, kama mlango wa bati. Lazima ucheke. Mimi mwenyewe nilicheka, na nilikuwa nimekuja kwa huzuni.

Sikujua kwamba nilichokuwa nasema kina mapigo. Yeye aliyasikia.

Halafu biti inakatika. Inabaki chupa peke yake. Inaingia sauti ya yule mlinzi, waziwazi: "Mzee, nimeshamuuliza bosi. Anasema hakufahamu."

Kimya. Cha-cha, cha.

Mimi sisemi kitu pale. Nakumbuka. Nilikuwa natazama viatu vyangu.

Ndipo anasema yeye. Maneno mawili tu: "Endelea, Mjomba."

Na biti inarudi, kubwa kuliko mwanzo, na mimi kweli naendelea.

Hayo ndiyo yote aliyosema. Dakika nne na ushei za maneno yangu, na ya kwake mawili. Angekuwa na mjomba mnyamavu, mama yake angepata zaidi.

Hashimu wa Likawage aliporudi aliniambia kwamba kwenye simu ile wimbo ulikuwa umeandikwa jina. STUDIO LINDI. Kwa hiyo alikuwa anautengeneza ili tuwe na kitu cha kumwonyesha Dada. Alikuwa ananitengenezea mimi. Hakuwahi kuniambia.

Nikamuuliza kama kuna namna ya kumtoa yule mlinzi. Akasema yeye anajua kufuta tu, kukata hajui.

Jumatano, 25 Juni

Nimerudi Nangurukuru. Nimekaa kibandani kwa mama lishe, chai imepoa. Kadi iko mfuko wa shati, na redio pia amenipa, amesema nitairudisha nikija tena. Amenipa kwa mikono miwili. Kadi imefungwa kwenye karatasi ya sigara. Nyepesi kuliko kucha.

Hesabu yangu ni hii. Nikimpelekea Dada kadi, atamsikia mwanawe, na atamsikia mlinzi. Atajua kwamba hatukuingia. Atajua kwamba mwaka mzima, akiwa na msiba, nilikuwa namwambia uongo huku nakula ugali wake. Mimi ndiye mwanaume pekee aliyebaki kwetu. Hitima ni mimi ninayeisimamia.

Nikimwambia kadi imepotea, jina langu linabaki. Ile simu ilikufa kweli. Shahidi ninaye.

Mama lishe akaniuliza, "Mzee, mbona huongei? Siku zote ukipita hapa hatupumui." Nikamwambia naumwa jino. Akasema pole, akaongeza maandazi.

Basi likapiga honi. Nimepanda. Bado sijui.

Alhamisi, 26 Juni

Nimempa.

Alikuwa shambani kwenye turubai. Nilikaa kwenye tita la ufuta mbele yake. Nikasema, "Dada, hapa kuna sauti yake. Ni kidogo. Na kuna jambo ndani utalisikia, usinikatize, sikiliza mpaka mwisho." Nikabonyeza.

Ilipoanza chupa aliacha kukung'uta. Nilipoanza mimi akatikisa kichwa, kama anavyofanya siku zote nikianza. Penye viboko watatu alitabasamu kidogo. Akawa anangoja. Niliona anavyongoja mwanawe aingie, na mimi mle ndani siishi kusema. Nilitamani kujiziba mdomo kwenye redio.

Alipoingia mlinzi, uso ulibadilika.

Kisha, "Endelea, Mjomba."

Aliweka mkono juu ya redio. Hakuinyanyua wala hakuizima. Wimbo ukaisha chini ya mkono wake.

Akasema, "Hamkuingia."

"Hatukuingia."

"Yule mtu hakufahamu."

"Hanifahamu."

"Mwaka mzima, Bakari."

"Mwaka mzima."

"Na nyingine ziko wapi? Alikuwa nazo nyingi."

Nikamwambia na hilo. Simu niliyoinyanyua. Kadi iliyojaa. Mawaidha na mpira.

Alichukua redio akaondoka nayo nyumbani. Ufuta akauacha wazi na kuku wanakuja. Nimekaa nikifukuza kuku mpaka jioni.

Chakula hakikuja.

Ijumaa, 27 Juni

Nimepika ugali mwenyewe. Nimewahi kuwapikia watu mia mbili kambini nikiwa kijana, lakini huu umeshika mabonge. Nimekula na chumvi.

Wageni wameanza kufika. Dada ananipa kazi kupitia watu. "Mwambieni Bakari alete kuni." Tumesimama hatua tatu, anamwambia mtu mwingine aniambie.

Kutoka chumbani kwake nasikia redio, chini sana. Si wimbo wote. Anasikiliza kipande kimoja. "Endelea, Mjomba." Anarudisha. "Endelea, Mjomba." Ile redio kuirudisha ni kazi, unabonyeza unangoja, ukizidisha unaangukia kwangu. Nasikia anaangukia kwangu, anarudi, ananikosa, anampata.

Jumamosi, 28 Juni

Hitima imekwenda vizuri. Watu wengi, hata Chande amekuja kutoka Kilangala. Msahafu umesomwa, pilau imetosha na kubaki. Mbuzi nilimchinja mimi, kisu mara moja tu.

Baada ya dua shehe akasema mjomba wa marehemu aseme neno. Watu wakajiweka sawa, wengine walikuwa wameshaanza kucheka, wananijua. Nikasimama. Nilikuwa na hotuba, nimeitunga tangu mwezi wa tatu. Ilikuwa na kiboko ndani, na mwenye studio, na jinsi nilivyomfundisha Hashimu kupiga ngoma, ambayo sikumfundisha.

Nikasema: "Hashimu alikuwa anasikia vizuri kuliko sisi. Vitu tulivyoviona kelele yeye aliviona muziki. Mungu amrehemu. Asanteni kwa kuja." Nikakaa.

Wakabaki wananitazama. Mzee mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Bakari anaumwa?"

Upande wa wanawake Dada alinitazama. Mara moja. Mwaka umekwisha.

Jumatatu, 30 Juni

Matita thelathini leo. Thelathini ya kweli, nimehesabu.

Mchana mtoto wa jirani akaja na sahani imefunikwa. Wali uliobaki hitima, maharage, kipande cha nyama chenye mfupa, ninavyopenda. Nikamuuliza, amesema nini aliyekutuma? Mtoto akasema, "Amesema urudishe sahani."

Nimeirudisha mwenyewe, nimeiosha. Dada akaipokea. Aliniuliza betri za redio zinauzwa wapi, zinakwisha upesi. Nikamwambia nitamletea. Nimekwenda Kiranjeranje nikarudi nazo, pakiti mbili. Sikumwambia nilikwenda kwa mguu, na kweli sikwenda kwa mguu.

Alhamisi, 3 Julai

Ufuta umebaki matita sita. Asubuhi tulivu, hakuna upepo, vizuri kwa kupepeta.

Dada yuko upande wa pili wa uzio, anapepeta na redio iko juu ya kinu. Mpaka juzi alikuwa anasikiliza yale maneno mawili tu, anarudisha, anarudisha. Leo hakurudisha. Ameuacha uende wote, kutoka chupa mpaka mwisho, kisha ukaanza tena wenyewe. Ufuta wa kwenye redio na ufuta wa kwenye ungo, nikasimama nisijue upi ni upi.

Nimejisikia kutoka ng'ambo ya makuti navuka mto. Viboko watatu. Natisha kwelikweli.

Niandike hapa, maana hapa hakuna anayesoma. Ilikuwa ni gogo, si kiboko. Halikuwa hata kubwa. Lilikuja na maji, nikapiga kelele, nikalisukuma kwa kiganja, likapita. Hashimu alikuwa begani kwangu, ana miaka tisa, ameshika masikio yangu yote mawili. Yeye alikuwa juu, anaona mbali.

Aliliona kabla yangu.